UGONJWA WA SUKARI SI WA MATAJIRI PEKE YAO



Mfanyi kazi akipatikana na ugonjwa wa sukari, maneno mawili husikika. La kwanza, kwamba huo ni ugonjwa wa matajiri. La pili, kwamba ameutaka mwenyewe kwa ulafi. Sisi twasema yote mawili si kweli, na yaficha jambo linalotuhusu sote.

Kwanza yafaa tuujue ugonjwa wenyewe. Nyuma ya tumbo la chakula mna kiungo kiitwacho kongosho. Hicho hutoa insulini, ambayo ni kama ufunguo wa kuitoa sukari katika damu na kuiingiza mwilini iwe nguvu. Katika aina ya kwanza ya ugonjwa, ambayo mara nyingi huanza utotoni au ujanani, kinga ya mwili huharibu sehemu zinazotoa insulini. Mgonjwa huyu hakukosa neno, na bila insulini hawezi kuishi. Aina ya pili ndiyo ya wengi, zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100. Insulini ipo, lakini mwili hauitii vema, na mwisho kongosho hushindwa kutoa ya kutosha.

Aina ya pili haina chanzo kimoja. Mwenye mzazi au ndugu mgonjwa yumo hatarini zaidi. Umri huongeza hatari, na pia mafuta ya tumboni, tumbako, na kupata sukari wakati wa mimba. Ukoo na umri hatuwezi kuvibadili. Lakini kukaa kutwa bila kutembea, vinywaji vitamu na kazi ya usiku ni mambo ya mikono ya watu. Hapa ndipo kazi inapoingia.

Mtazameni dereva wa lori atokaye Mombasa kwenda Malaba, siku nzima yu kitini. Mtazameni mshona nguo wa Athi River, hainuki penye cherehani ila kwa ruhusa. Mlinzi hukesha langoni. Chakula kilicho karibu, cha upesi na cha bei nafuu, ni mandazi, chai ya sukari nyingi na soda. Chupa ya soda ya nusu lita yaweza kuwa na sukari gramu 50, yaani vijiko vya chai 12. Hicho ni kipimo ambacho mtu mzima hapaswi kukipita kwa siku nzima. Tena, uchunguzi wa wauguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kadiri miaka ya zamu za usiku ilivyozidi, ndivyo hatari ya ugonjwa huu ilivyozidi.

Hatusemi kwamba mfanyi kazi hana wajibu wake. Mwaka 2002 ilionekana huko Marekani kwamba watu waliokuwa karibu kuugua, wakipunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa juma, hatari yao ilipungua kwa 58 katika 100. Basi tupunguze sukari katika chai, na tutembee. Lakini mtu atatembea saa ngapi, akiwa zamu imekula siku na nauli imekula mshahara? Kumlaumu peke yake si haki.

Serikali ilipochunguza afya ya watu wa Kenya mwaka 2015, karibu watu 88 katika kila 100 walikuwa hawajapimwa sukari ya damu hata mara moja. Kiu isiyokatika, kukojoa mara nyingi, kukonda na kidonda kisichopona ni dalili, lakini wengi hukaa miaka bila dalili yo yote. Dereva akipoteza macho, amepoteza kazi. Mpakuzi akikatwa mguu, watoto wake watakula nini?

Kwa hiyo twataka mambo manne yatiwe katika mapatano na waajiri: kupimwa damu kila mwaka bila malipo, na majibu yawe siri ya mfanyi kazi; saa ya chakula iliyo kamili, na maji safi ya kunywa; zamu za usiku zigawanywe kwa haki; na mgonjwa asifukuzwe kwa sababu ya ugonjwa wake, bali apewe nafasi ya kula na kutumia dawa kwa wakati.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kipimo cha damu ni tone moja la kidoleni. Ndugu, lileteni jambo hili katika mkutano wa tawi lenu.