Mgeni Apewe Jembe, Lakini Shamba Lina Mwenyewe

Kila mwaka, vyuo vya Ulaya na Marekani vinapofunga, vijana wengi hufika Arusha, Moshi na Zanzibar wakiwa na nia ya kujitolea. Baadhi yao hupaka rangi kuta za madarasa, wengine hufundisha Kiingereza katika shule za msingi, na wengine huenda kwenye maeneo ya hifadhi kuhesabu wanyama au kusaidia kuondoa mitego ya nyaya. Wengi hukaa majuma machache tu, na hulipa fedha zisizo haba kwa makampuni yanayowapangia safari hiyo.

Hapana shaka kwamba nia yao ni njema. Kijana anayeacha starehe za likizo ili akabebe matofali kijijini hastahili kubezwa; na hasa hastahili kubezwa katika nchi ambayo wanafunzi wake wa Chuo Kikuu waliandamana Oktoba 1966 kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hata Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao. Linalopasa kuulizwa ni kazi gani anayopewa mgeni huyo, na nani ataiendeleza siku atakapopanda ndege.

Habari za Gombe, mkoani Kigoma, zastahili kukumbukwa na kila ofisi inayopokea vijana wa namna hiyo. Jane Goodall alifika huko Julai 1960 kuchunguza maisha ya sokwe, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 kituo chake kilikuwa na wanafunzi wengi wa kigeni, hasa kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliokuja kwa miezi kadhaa kujifunza na kusaidia utafiti. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu wenye silaha walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Zaire, wakawateka wanafunzi wanne: Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja. Wote waliachiliwa hatimaye, lakini siku za wanafunzi wa kigeni kujaa Gombe zilikwisha mara moja.

Lau kazi ile ingekuwa ya wageni peke yao, ingekufa siku hiyo hiyo. Haikufa. Tangu miaka ya 1960 wenyeji wa Kigoma walikuwa wakifuatana na wanafunzi hao msituni, na kadiri miaka ilivyopita waliwajua sokwe mmoja mmoja kwa sura na kwa jina, tena kuliko mwanafunzi yeyote aliyekuja na kuondoka. Hilali Matama, mmoja wa wasaidizi hao, ndiye aliyeshuhudia Januari 1974 sokwe wa kundi moja wakimshambulia mwenzao wa kundi lililojitenga. Huo ulikuwa mwanzo wa vita iliyoendelea hadi 1978. Wageni walipoondoka, wasaidizi wa Kitanzania ndio waliobaki kuifuatilia vita hiyo na kuandika yaliyotokea. Waliandika kwa Kiswahili. Wataalamu wa sayansi ya wanyama duniani hadi leo hutegemea kumbukumbu hizo, ingawa ni wachache wanaokumbuka zimetoka katika kalamu za nani.

Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini. Wasaidizi hao hawakuokotwa njiani baada ya balaa; walikwisha kuijua kazi kabla, kwa kuwa wanafunzi wa kigeni walifanya kazi bega kwa bega na watu watakaobaki.

Shule nyingi zinazopokea wanaojitolea hazina utaratibu kama huo. Darasa linaloletewa mgeni mpya kila baada ya majuma matatu huanza upya kila mara na salamu na majina ya rangi. Hakuna ajuaye mtoto yupi amekwama wapi, maana aliyejua amekwisha kwenda zake. Mwalimu wa somo hukaa ofisini akisahihisha madaftari, na kipindi kikiisha hupigwa picha. Wakati huo huo wapo vijana waliohitimu vyuo vya ualimu wanaosubiri ajira nyumbani. Hali katika hifadhi si tofauti sana: Chuo cha Mweka kimefundisha wataalamu wa wanyamapori tangu 1963, na ni kichekesho kwamba mhitimu wake aweza kukaa bila kazi huku mwanafunzi wa ng'ambo akilipa fedha ili aifanye kazi hiyo hiyo kwa siku kumi. Ukuta wa darasa nao, ukijengwa na mikono isiyowahi kushika mwiko, humnyima fundi wa kijiji kibarua chake, na pengine fundi huyo huyo huitwa baadaye kuunyoosha.

Sheria hazikosekani. Mgeni anayejitolea hutakiwa kuwa na kibali cha ukaazi hata kama halipwi mshahara, na mtafiti hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kinachokosekana ni ujasiri wa mwenyeji. Mwalimu Mkuu aliyeletewa sanduku la kalamu na mipira miwili huona haya kumwuliza mgeni amesomea nini, atakaa muda gani, na atafanya kazi chini ya nani. Ofisa wa wilaya naye huona ni ufidhuli kumkataa mtu aliyetoka mbali kuja kusaidia.

Wahenga hawakuona haya. Walimpa mgeni siku mbili, na siku ya tatu wakampa jembe. Lakini shamba, mbegu na wakati wa kupanda viliamuliwa na mwenye nyumba. Mgeni anayefika leo akabidhiwe kwa mwalimu wa somo au askari wa wanyamapori mwenye kujua kazi, amsaidie huyo na amwachie ujuzi alio nao, kama ni kutumia kompyuta, kuchora ramani au kutunza maktaba. Asiye na ujuzi wowote wa kuacha aweza kuja kujifunza, na aambiwe waziwazi kwamba amekuja kujifunza. Na mahali ambapo hakuna mwenyeji wa kufanya naye kazi, Mwalimu Mkuu ana haki ya kujibu barua ya kampuni kwamba muhula huu shule haina nafasi.