Altimita mbili, betri moja? Tuache kudanganyana!

Jamani, ukifunga altimita mbili kwenye chumba cha elektroniki cha roketi, kisha zote zile betri moja kupitia swichi moja, bado una altimita moja tu. Waya ukichomoka, parachuti haitoki, na roketi ya kilo kadhaa inashuka kama mkuki.

Hata betri mbili hazitoshi kama programu ni ile ile. Tarehe 4 Juni 1996, Ariane 5 ilibeba mitambo miwili ya kupima mwelekeo, yote na programu moja. Namba ya biti 64 ikazidi nafasi ya biti 16; sekunde kama 37 tu, yote miwili ikazima.

Nunueni altimita za watengenezaji tofauti, kila moja na betri yake, swichi yake, baruti yake. Ni ghali? Roketi iliyovunjika ni bei gani?