Mpini Hurithiwa, Wembe Haurithiwi

Methali ya wazee yasema: Mwenzako akinyolewa, wewe zako tia maji. Kwa kawaida twaitumia kuonyana juu ya balaa inayokuja. Leo tutaichukua kwa maana yake iliyo wazi, kwa kuwa twataka kusema habari za kunyoa. Tena twataka kusema habari za chombo kimoja kidogo ambacho hukutwa chini ya masanduku ya jamaa zetu hapa Mutshatsha, huko Kolwezi, na katika vijiji vya kando ya reli: mashine ya kunyolea ya zamani, ile ya chuma, yenye mpini mfupi na kichwa, ambayo wembe wake hutiwa na kutolewa.

Mashine hizo zapotea kwa njia mbili. Nyingine huuzwa kwa kilo pamoja na bomba zilizotoboka na bawaba za milango. Nyingine hutumiwa vibaya, hata zikaleta ugonjwa mahali pa usafi. Yafaa basi tuijue asili ya chombo hiki, tujue kukitengeneza, na tujue mpaka wake.

Hapo kale mtu wa Ulaya alinyoa kwa wembe mrefu wa kukunja. Wembe ule ulinolewa juu ya mkanda wa ngozi kila siku, na mkono uliotetemeka uliacha jeraha. Mwaka 1880 ndugu wa ukoo wa Kampfe, waliokaa New York, walipata hati ya serikali kwa ajili ya wembe wenye kinga mbele ya makali. Ulipunguza hatari, lakini makali yake yalikuwa bado ya kunolewa.

Ndipo akatokea Mmarekani aitwaye King Camp Gillette, aliyezaliwa mwaka 1855. Yeye alikuwa mchuuzi wa safari, akiuza vizibo vya chupa. Bwana wake, William Painter, aliyevumbua vizibo hivyo, alimshauri atafute kitu ambacho watu hukitumia, hukitupa, kisha hurudi kununua kingine. Mwaka 1895 Gillette aliwaza wembe mwembamba kama karatasi, wenye makali pande mbili, usionolewa kamwe. Mafundi wengi walimwambia kwamba chuma chembamba namna ile hakiwezi kupata ugumu wa kukata. Fundi William Nickerson ndiye aliyeipata njia. Mwaka 1903, walipoanza kuuza, waliuza mashine 51 tu, na nyembe 168. Mwaka uliofuata waliuza mashine zaidi ya 90,000. Katika vita vya kwanza vya dunia serikali ya Marekani iliwanunulia askari wake mashine 3,500,000, maana kinyago cha kuzuia gesi hakishiki vema juu ya ndevu. Vita vilipokwisha, askari walirudi makwao nazo, na desturi ikaenea. Jina la mtu yule likawa jina la kitu: kwa jirani zetu wa Angola, kama kwa Wareno, wembe huitwa gilete, hata kama umetengenezwa na kampuni nyingine.

Sasa, wanafunzi, itazameni mashine yenyewe. Ile ya kawaida ina vipande vitatu: kifuniko, kitako na mpini. Wembe huwekwa kati ya kifuniko na kitako. Mpini unapokazwa kwa skrubu yake, wembe hupindika kidogo juu ya mgongo wa kifuniko. Kupindika huko ndiko kunakoupa nguvu, maana wembe wenyewe una unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiwa peke yake ungetetemeka. Ukiwa umebanwa hutulia. Na nyembe zinazotengenezwa leo, kwa mfano Misri na India, zaingia katika mashine za miaka mia iliyopita, kwa kuwa mfano wa matundu yake umelindwa. Ni vyombo vichache vya nyumbani vinavyoweza kusemwa hivyo.

Tena chuma chake si kigeni kwetu. Mashine nyingi za zamani zilitengenezwa kwa shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, kisha zikapakwa nikeli. Shaba ni mali ya nchi hii tangu zamani: kabla ya mwaka 1500 watu wa kandokando ya ziwa Kisale walizikwa na misalaba midogo ya shaba, nayo misalaba ya namna hiyo ilitumika kama fedha. Union Minière iliundwa mwaka 1906, nayo ikayeyusha shaba yake ya kwanza Lubumbashi mwaka 1911. Zinki nayo ilichimbwa Kipushi. Reli ya Tenke kwenda mpaka wa Angola ilimalizika mwaka 1931, ikipita hapa Mutshatsha. Kwa hiyo mtoto wa Lualaba anayeshika mashine ya babu yake anashika kitu ambacho asili yake aweza kuieleza vizuri kuliko watoto wengi wa Ulaya.

Tuje kwenye kazi ya kuitengeneza. Kwanza, hakikisheni kwamba ni shaba. Leteni sumaku: shaba ya njano haivutwi nayo. Mashine nyingine za baadaye zilitengenezwa kwa mchanganyiko dhaifu wa zinki na aluminiamu. Hizo ni nyepesi, na zikiliwa ndani chini ya mng'ao wake, hazina dawa. Pili, fungueni vipande vyote, mvilaze katika maji ya moto yenye sabuni kwa muda wa nusu saa. Maji yasiwe yanachemka, na mwenye mashine iliyopakwa dhahabu atumie maji ya vuguvugu tu. Tatu, sugueni kwa mswaki mkuukuu ulio laini, hasa chini ya kichwa na katika njia za skrubu, maana ndipo sabuni ya miaka mingi hugeuka kuwa jiwe. Nne, suuzeni, kausheni, kisha pangusieni alkoholi ya hospitali ya asilimia 70.

Kuna mambo ya kukatazwa. Msitumie mchanga wala majivu makavu wala sufi ya chuma: vitu hivyo huondoa nikeli, nayo nikeli ikiisha hairudi. Msiloweke katika siki usiku kucha. Msitumie dawa kali ya kung'arishia nguo, maana hula nikeli. Na zaidi ya hayo, msiichanganye kamwe na siki, kwa kuwa hutoka hewa ya sumu iumizayo mapafu. Mkiona mahali pa kidole gumba pamebaki njano, pacheni hivyo hivyo. Hapo ndipo mkono wa mwenyewe ulipopita kila asubuhi. Tazameni pia mpini: baadhi ya mipini ya kale ni bomba jembamba, nayo hupasuka kwa urefu. Mpini uliopasuka usikazwe kwa nguvu.

Mwenye kupenda kukusanya mashine hizi apate daftari, aandike kila moja ilitoka kwa nani na lini. Mashine za Gillette zilizotengenezwa Marekani tangu mwaka 1951 zina herufi na tarakimu chini ya kichwa. Herufi ni mwaka, tarakimu ni robo ya mwaka. W ni 1951, X ni 1952, Y ni 1953, Z ni 1954. Kisha A ni 1955, B ni 1956, na kuendelea. Basi yenye alama C2 ilitengenezwa katika robo ya pili ya mwaka 1957. Mwanafunzi aliyepata kazi hiyo siku ya mapumziko atajifunza historia ya jamaa yake pasipo kufungua kitabu.

Na kunyoa je? Lowesheni ndevu kwa maji ya moto, pakeni sabuni mpaka ifanye povu zito. Shikeni mashine kwa kuinamisha, isisimame wima wala isilale. Msiikandamize: uzito wake watosha. Fuateni mwelekeo wa nywele, kwa hatua fupi, wala msivute ngozi. Neno hili latuhusu sisi hasa. Nywele zetu hujiviringa. Zikikatwa chini mno, ncha yake huingia tena ndani ya ngozi na kuleta vipele shingoni na kidevuni. Mashine za plastiki zenye nyembe mbili au tatu huuvuta unywele kabla ya kuukata, kisha ncha hujificha chini ya ngozi. Wembe mmoja, ukitumiwa kwa mkono mwepesi, huuacha unywele usawa wa ngozi. Wengi walioteswa na vipele wamepata nafuu kwa njia hiyo.

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Mzee mmoja wa hapa, aliyefanya kazi ya reli, hutunza mashine ya marehemu baba yake katika kopo la tumbako. Mwaka 1977, vita vilipofika Mutshatsha na watu wakakimbilia porini, kopo hilo lilikuwa mfukoni mwa baba yake. Tulikuwapo siku moja mjukuu alipoiomba, kwa kuwa ndevu zake zilianza kuota. Kijana aliona wembe bado umo ndani, akasema, «Babu, huu bado wakata.» Mzee akaufungua mpini, akautoa wembe, akautia katika kopo jingine. Akamwambia, «Mwanangu, mpini ni wa babu yangu na wa baba yangu na wangu, na leo ni wako. Wembe si wa mtu mwingine ila wa yule aliyejinyoa nao.»

Hakuna daktari awezaye kulisema neno hilo kwa ufupi zaidi. Wembe uliogusa damu waweza kuchukua virusi vya ukimwi na vya ugonjwa wa ini. Virusi vya ini vya aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, hata damu ikiwa imekauka na haionekani. Kuupangusa wembe kwa kitambaa si kuusafisha. Hata hivyo twajua yanayotendeka. Katika desturi za matanga za jamaa zetu kadhaa, wafiwa hukaa mstari mmoja wanyolewe vichwa, na wembe mmoja hupita kutoka kwa mjane hadi kwa watoto wa mwisho. Hatusemi desturi iachwe. Kumheshimu marehemu ni jambo jema. Twasema kila kichwa kiwe na wembe wake mpya. Bei ya wembe ni ndogo kuliko bei ya sukari ya chai ya msiba. Anayesimamia matanga azinunue nyembe kabla ya kununua kitu kingine, wala asione haya kuzihesabu mbele ya watu. Na mteja wa kinyozi wa sokoni ana haki ya kuona wembe ukitolewa katika karatasi yake.

Tena kuna wembe uliokwisha kazi. Methali nyingine yasema: Mtoto akililia wembe, mpe. Methali hiyo ni ya kumfundisha mkaidi, si ya kutunza uwanja! Nyembe zilizotupwa nyuma ya nyumba hukata nyayo za watoto, na jeraha la namna hiyo laweza kuleta pepopunda. Zamani, nyumba nyingi za Marekani zilikuwa na tundu jembamba ukutani, nyembe zikaangukia ndani ya ukuta. Sisi tufanye kwa kopo la maziwa: pigeni ufa mwembamba juu yake, tieni nyembe humo. Likijaa, lifungwe na kufukiwa katika shimo refu, mbali na bustani.

Mwaka 1975 kampuni ya Bic ilileta mashine ya plastiki ambayo hutupwa yote, mpini na wembe pamoja. Ni rahisi, wala hatumlaumu aitumiaye. Lakini tuone tofauti. Gillette alifundisha watu kutupa wembe na kuweka mpini. Wakaja wengine waliofundisha kutupa vyote. Na sisi, katika matanga na sokoni, mara nyingine twafanya kinyume cha wote wawili: twauza mpini wa babu kwa kilo, na wembe tunauweka tupate kuazimana.

Basi, akina baba na akina mama, wiki hii fungueni masanduku. Mkiikuta mashine ya zamani, msiipeleke kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, maana uzito wake ni gramu chache na malipo yake hayanunui mkate. Ioshweni, mpeni kijana aliyeanza kuota ndevu, mwambieni ilikuwa ya nani. Pamoja nayo mpeni pakiti mpya ya nyembe, mkimwonya kwamba hizo hazina ndugu wala rafiki. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee; nao walijua pia kwamba si kila kitu cha kale ni cha kuwekwa.