Thika na Ruiru zisiipe mito kisogo

Ukimwuliza mwanafunzi wa Thika au wa Ruiru mji wao uko wapi, aghalabu atakujibu kwa barabara. Atakutajia kilomita zilizopo hadi Nairobi, nauli ya matatu wakati wa kiangazi na wakati wa mvua, na kituo cha kushukia. Ni nadra sana kumsikia akisema kwamba mji wao uko mtoni. Wala hastahili kulaumiwa, kwani mtoto huona kile anachoonyeshwa, na kwa muda mrefu sasa miji hii miwili imeielekezea barabara uso na kuipa mito kisogo. Maoni yangu ni kwamba kisogo hicho kitatugharimu, na kwamba mahali pafaapo kuanza kugeuka ni darasani.

Ikumbukwe kwamba mito ndiyo iliyotangulia. Thika ilizaliwa pale Mto Chania unapokutana na Mto Thika, kila mmoja ukiwa na maporomoko yake, na hoteli ya Blue Posts iliyoanzishwa hapo mwaka wa 1908 ingali ipo. Reli iliwasili mwaka wa 1913. Viwanda vya kusindika matunda, vya ngozi na vya nguo vilifuata baadaye, wala havikufuata uzuri wa mandhari. Ngozi haitengenezwi bila maji, kitambaa hakitiwi rangi bila maji, na nanasi haliingii mkebeni kabla ya kuoshwa.

Ruiru nayo ina sifa yake. Mapema katika karne ya 20, Nairobi ilipoanza kupata umeme, nguvu hizo zilitoka katika maporomoko ya Mto Ruiru. Mashamba makubwa ya kahawa yaliyoenea pande hizo yaliuhitaji mto vilevile, maana buni ikishavunwa sharti imenywe, ichachushwe na kuoshwa kabla ya kuanikwa. Hata aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, ambayo watafiti wa kahawa wa papo hapo waliwatolea wakulima mwaka wa 1985 ili ihimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, imelibeba jina hilo hadi mashamba ya mbali.

Kisha ikaja barabara kuu. Kazi ya kuipanua ilianza mwaka wa 2009, na Rais Mwai Kibaki akaifungua rasmi Novemba 2012. Matokeo yake yanaonekana katika hesabu ya watu. Mwaka wa 2009 Ruiru ilikuwa na wakazi 238,858. Mwaka wa 2019 walikuwa 490,120, yaani zaidi ya maradufu katika miaka 10, huku Thika ikiwa na 251,407. Mji uliokuwa mdogo umempita kaka yake. Mashamba ya kahawa yamekatwakatwa kuwa viwanja, na pale palipokuwa na mibuni sasa pana maghorofa ya kupangisha, vyuo, maghala na mji mpya wa Tatu City.

Sisemi kwamba barabara ni mbaya. Imefupisha safari, imeleta ajira, na wengi wa walimu na wanafunzi wanaoyasoma makala haya wanaitumia kila siku. Lakini wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Barabara ni msala: yaweza kupanuliwa, kuhamishwa au kupitwa na nyingine. Mto ndio mbachao wetu, nao haushonwi upya ukichanika.

Hebu tuyafuate maji yenyewe, kwa sababu safari yake ina somo ambalo sidhani watoto wengi wamelipata. Miji hii iko kwenye barabara moja, na mtu hutoka mmoja hadi mwingine kwa muda mfupi. Hata hivyo, maji yake hayaendi pamoja. Mto Thika, ukishaupokea Chania, huelekea mashariki na kumwaga maji yake katika bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka wa 1981, ambako huungana na Tana. Kutoka hapo maji huzungusha mitambo ya umeme ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hupita Garissa na Garsen, na kuingia baharini karibu na Kipini, katika nchi ambayo masimulizi ya Waswahili yanasema ndiko alikozikwa Fumo Liyongo. Maji ya Ruiru nayo huingia katika Mto Athi, unaobadilisha jina na kuwa Galana, kisha Sabaki, na kuifikia bahari kaskazini mwa Malindi. Majira ya mvua, bahari ya Malindi hugeuka rangi kwa udongo ulioletwa na mto huo kutoka bara.

Kwa hiyo kinachotupwa mtoni Thika ni cha watu wa Tana, na kinachotupwa mtoni Ruiru ni cha watu wa Sabaki. Walimu wa Kiswahili huwafundisha vijana wetu kwamba lugha hii na tungo zake za kale zilitujia kutoka pwani. Ni fadhila iliyoje kwamba tunachoirudishia pwani ni povu na mifuko ya plastiki! Anayetaka ushahidi na aende Fourteen Falls, mwendo mfupi kutoka Thika, ayatazame maji ya Athi yanavyoporomoka yakiwa na takataka za Nairobi na za miji jirani. Ndipo atakapofahamu kwamba mtu wa bondeni hachagui anacholetewa.

Wapo watakaosema kwamba hata watu wa Thika na Ruiru ni watu wa bondeni, na kwamba Nairobi huwanyang'anya maji kabla hayajawafikia. Hoja hiyo ina uzito. Bwawa la Ndakaini, lililojengwa juu ya Mto Thika huko Gatanga na kukamilika mwaka wa 1994, lina uwezo wa kuhifadhi mita milioni 70 za ujazo, na maji yake hupitishwa hadi mtambo wa Ng'ethu ili kusafishwa kwa ajili ya jiji kuu. Mto Ruiru nao una bwawa lake linaloihudumia Nairobi. Maji ya Ndakaini yalipopungua, jiji lilianza mwaka wa 2017 kwa mgao wa maji. Basi ni haki kuuliza ni kiasi gani kinachobakia mtoni kwa walio chini, na ni haki kuidai Nairobi iwalinde wakulima wanaoitunza misitu ya Nyandarua. Lakini mto uliopunguziwa maji ndio unaopaswa kuchafuliwa kwa uchache zaidi, kwa kuwa sumu ile ile katika maji machache huwa kali zaidi. Dhuluma ya jirani wa juu haimpi mtu ruhusa ya kumdhulumu jirani wa chini.

Hapa ndipo mwalimu wa sayansi anapohitajika. Mto huuawa pia na vitu visivyo sumu kwa jina. Maganda ya buni, maji ya kuoshea matunda na majitaka ya vyoo ni chakula cha vijidudu. Vikipata chakula hicho kwa wingi huongezeka upesi, navyo hupumua hewa ya oksijeni iliyoyeyuka majini mpaka samaki wakakosa. Udongo unaooshwa kutoka katika matimbo ya mawe na viwanja vilivyoachwa wazi huyatia maji tope, na kadiri yanavyokuwa na tope ndivyo yanavyohitaji shabu na klorini nyingi zaidi kabla ya kufaa kunywewa. Gharama hiyo hatimaye humrudia mwananchi katika ankara yake ya maji. Mla mbuzi hulipa ng'ombe.

Najua jibu linalotolewa kila suala hili linapozuka: viwanda vinawalisha watu, na njaa haiogopi tope. Ni kweli Thika bila viwanda isingekuwa Thika, na hakuna mwenye busara atakayetaka vifungwe. Lakini anayechagua kati ya kazi na maji safi amekubali hesabu potofu, maana kiwanda chenyewe kimekuja kwa ajili ya maji, na siku yatakapokuwa hayafai hata kuoshea chupa, kitahamia kwingine na kumwachia mfanyakazi mtaro. Tena si viwanda peke yake. Nyumba ya kupangisha yenye familia 40 inatoa majitaka kila siku ya Mungu, nayo hayana budi kwenda mahali. Mpangaji anayo haki ya kumwuliza mwenye nyumba yanakokwenda, na serikali ya kaunti ina wajibu wa kuuliza hivyo kabla ya kuidhinisha ramani.

Sheria hatukosi. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 43 kinamhakikishia maji safi na salama ya kutosha. Kanuni za mwaka wa 2006 kuhusu ubora wa maji zilikataza ujenzi kandokando ya mto, kwa umbali usiopungua mita 6 na usiozidi 30. Mvua za mwaka wa 2024 zilipoleta maafa, serikali iliwaagiza watu wengi waliokaa kandokando ya mito wahame. Linalosikitisha ni kwamba sheria hukumbukwa mto unapofurika, na kusahauliwa unaponuka.

Ndiyo maana nawageukia walimu. Mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi wajifunze kwa kutenda na waitumikie jamii yao. Basi kila shule iliyo karibu na Chania, Thika, Ruiru au Ndarugu na ichague sehemu moja ya mto iwe yake. Mara moja kwa mwezi, mwalimu akiwapo, wanafunzi wachote maji katika chupa angavu na kulinganisha rangi yake na ya mwezi uliopita, wapime joto lake, wahesabu wadudu walio chini ya mawe, kwani wapo wasiovumilia uchafu hata kidogo, kisha waandike walichokiona, kwa Kiswahili sanifu, katika daftari moja litakalorithiwa na darasa lijalo. Vyuo vikuu havituachi mbali: Jomo Kenyatta kiko Juja, na Mount Kenya kiko Thika kwenyewe. Wahadhiri wao waweza kuwasaidia watoto kwa vipimo visivyowezekana shuleni. Serikali ya kaunti nayo ichapishe matokeo ya vipimo vyake na kuyabandika sokoni, mahali ambapo kila mtu atayasoma.

Dunia iliijua Thika kwa kitabu cha mtoto wa mlowezi, The Flame Trees of Thika, alichokichapisha Elspeth Huxley mwaka wa 1959. Kitabu cha mtoto aliyezaliwa Makongeni au Githurai kuhusu mto wake bado tunakingoja. Daftari la shule laweza kuwa mwanzo wake. Na hata lisipozaa mwandishi, litazaa shahidi: raia atakayesimama mbele ya diwani, mwenye kiwanda au mwenye nyumba, na kumwambia kwa tarehe na kwa vipimo jinsi mto ulivyokuwa na jinsi ulivyo sasa. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kumdanganya.