Punda Afe, Mzigo Ufike: Mpaka Lini?



Hapa Uingereza umezuka mtindo. Nyumba nyingi za wazee siku hizi zina bango ukutani linalohusu afya ya mfanyakazi. Jikoni kuna kapu la matunda, mlangoni kuna namba ya simu ya kupiga ukizidiwa na mawazo, na mara moja kwa mwaka analetwa mtu wa kutufundisha namna ya kuvuta pumzi. Meneja anapigwa picha akitabasamu. Kisha Ijumaa jioni inatoka rota ya wiki inayoanza Jumatatu, na ndani yake mtu anayemaliza zamu saa nne usiku amepangwa kuanza tena saa moja asubuhi.

Sisi tunaofanya kazi hizo hatuna ugomvi na matunda. Tunachosema ni kwamba afya ya mfanyakazi imo kwenye rota. Anayeandika rota anaandika usingizi wetu, migongo yetu, presha zetu na saa za kuwaona watoto wetu. Kiongozi anayetaka kutusaidia aanzie hapo, na asipoanzia hapo basi hayo mengine ni mapambo.

Huko nyumbani ndugu zetu bado wanaamini tunabeba boksi. Wengi wetu hatubebi boksi, tunabeba watu. Mzee aliyepooza upande mmoja hanyanyuliwi na mtu mmoja. Kuna mashine ya kumnyanyulia, na utaratibu wa kawaida ni kuitumia wawili. Lakini zamu inapopungukiwa watu, na aghalabu hupungukiwa, mwenzako yuko chumba kingine, mzee amelowa, kengele inalia, nawe unaamua kumgeuza peke yako. Siku mgongo ukikatika utaulizwa kwa nini hukufuata utaratibu. Hakuna atakayemwuliza meneja kwa nini alipanga watu wawili mahali pa wanne.

Na dada zetu wanaokwenda nyumba kwa nyumba? Wapo wanaopewa dakika 15 za kumwamsha mzee, kumwosha, kumvisha, kumpa dawa na chai. Muda wa kutoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine ni muda wa kazi kwa mujibu wa sheria ya kima cha chini cha mshahara, lakini wako waajiri wanaohesabu dakika za ndani ya nyumba tu. Mtu anatoka kwake alfajiri, anarudi usiku, na karatasi ya mshahara inaonyesha nusu ya siku. Ili afikishe kodi ya nyumba anaongeza zamu nyingine. Hapo ndipo ugonjwa unapoanzia, na chanzo chake kinajulikana.

Wako watakaosema tunalalamika, kwani kazi ni kazi. Basi tuwape ya wataalamu. Mwaka 2007 taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia utafiti wa saratani iliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani. Mwaka 2019 ikaliangalia upya jambo hilo na kubaki na uamuzi wake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu yao kwamba mwaka 2016 watu wapatao 745,000 walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Afanyaye saa hizo, walisema, hatari yake ya kupata kiharusi ni kubwa kwa asilimia 35 kuliko ya anayefanya saa 35 hadi 40. Wangapi miongoni mwetu wanafanya saa 55 na kuziita wiki nyepesi?

Tena kuna dhana kwamba maradhi ya moyo ni ya mabosi kwa sababu wana mawazo mengi. Watafiti waliowafuatilia watumishi wa serikali wa hapa London tangu mwaka 1967, katika utafiti maarufu wa Whitehall, waligundua kinyume chake: waliokufa zaidi kwa moyo walikuwa wa ngazi za chini kabisa, matarishi na wenzao, wala si wakubwa wao. Utafiti wa pili, ulioanza mwaka 1985 na kuongozwa na Profesa Michael Marmot, ukaonyesha sababu mojawapo: mtu asiye na kauli juu ya kazi yake huugua moyo zaidi kuliko mwenye kauli. Kwa hiyo mfanyakazi anapoomba aulizwe kabla ya kupangiwa, haombi heshima tu. Anaombea moyo wake.

Sheria nazo zipo. Tangu mwaka 1974 mwajiri wa nchi hii anawajibika kulinda afya na usalama wa wafanyakazi wake kadiri inavyowezekana. Kanuni za saa za kazi za mwaka 1998 zinasema wastani wa wiki usizidi saa 48, mtu apate saa 11 mfululizo za kupumzika kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na anayefanya zaidi ya saa sita apewe angalau dakika 20 za mapumziko. Katika kazi kama zetu saa 11 zinaweza kukatwa, lakini mfanyakazi anatakiwa alipwe mapumziko ya kufidia. Afanyaye kazi usiku ana haki ya kupimwa afya bila malipo. Wangapi mmewahi kuitwa kupimwa?

Badala yake, siku ya kwanza ya kazi, katikati ya fomu nyingi, tunapewa karatasi ya kukubali kuzidisha hizo saa 48. Tunaambiwa weka sahihi hapa, na hapa, na hapa. Haisemwi kwamba kusaini ni hiari. Haisemwi kwamba mtu anaweza kuifuta sahihi hiyo wakati wowote kwa kutoa taarifa ya siku saba, au ya muda mrefu zaidi ikiwa ndivyo mlivyokubaliana, ila isizidi miezi mitatu. Sasa tumesema.

Halafu kuna viza. Mwezi Februari 2022 serikali ilifungua mlango kwa walezi wa wazee kutoka ng'ambo. Julai 2025 ikaufunga kwa wanaotaka kuajiriwa kutoka nje. Katika miaka hiyo mitatu waliingia watu wengi, wakiwemo wa kwetu, ambao ukaaji wao umefungwa kwa mwajiri mmoja. Akimfukuza, au akinyang'anywa leseni ya udhamini, mtu kwa kawaida anabaki na siku 60 za kutafuta mdhamini mwingine au afungashe. Mfanyakazi wa namna hiyo atasema lini kwamba amechoka? Ataripoti vipi kwamba mashine ya kunyanyulia ni mbovu? Meneja mwenye watu kama hao asijisifu kwamba haletewi malalamiko. Ukimya wa mtu mwenye hofu si dalili ya afya.

Tunajua jibu lao: hakuna fedha. Halmashauri zinalipa kidogo kwa kila mzee, bei zimepanda, faida hakuna. Katika hilo wana sehemu ya ukweli, na ugomvi wao na serikali tuko tayari kuuunga mkono. Lakini mengi tunayodai hayahitaji fedha mpya. Kutoa rota wiki nne kabla badala ya siku tatu kunagharimu nini? Kutomhamisha mtu kutoka usiku kwenda mchana bila siku ya kulala katikati? Kutompigia simu mtu aliye mapumzikoni mara sita mpaka akubali? Tena fedha ambayo eti haipo hupatikana haraka mgonjwa anapolala kitandani na ajensi inapoitwa kuziba pengo lake kwa bei kubwa zaidi.

Lililo gumu zaidi ni la nyumbani. Siku hizi baadhi ya hao mameneja ni wa kwetu. Baadhi ya hizo ajensi zinamilikiwa na watu tunaokaa nao harusini na msibani, tunaowaita kaka na dada na shemeji. Tulifurahi walipopanda. Lakini wapo waliopanda wakawa manyapara. Wanajua kwamba mwenzao hana karatasi imara, na wanampangia zamu ambazo Mwingereza angezikataa. Wanampigia kwa Kiswahili kitamu, “Nisaidie leo tu, ndugu yangu,” na hiyo leo haina mwisho. Undugu unatumika kama kamba. Hao tunawaambia waziwazi: mzungu asiyejua adha ya zamu ya usiku anaweza kujitetea kwamba hajui. Nyinyi mlizifanya.

Watanzania wenye umri mkubwa wataukumbuka Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani Dar es Salaam wakakichukua kifungu hicho kama kilivyoandikwa, wakawagomea mameneja waliowatukana, na mahali pengine wakawafungia mlango. Serikali haikulifurahia jambo hilo kwa muda mrefu, na mwaka 1973 migomo ilizimwa. Lakini fikra yenyewe ilikuwa sahihi: namna kiongozi anavyomtendea mfanyakazi ni sehemu ya kazi ya kiongozi, tena anaweza kuulizwa. Hapa tulipo, idara ya serikali ya afya na usalama kazini ilitoa viwango vyake mwaka 2004, ikataja mambo sita ya kuangaliwa: uzito wa kazi, kauli ya mfanyakazi, msaada anaopata, mahusiano, kujua majukumu yake, na namna mabadiliko yanavyofanywa. Kapu la matunda halimo.

Basi madai yetu kwa kila meneja na kila mwenye ajensi, awe wa kwetu au asiwe wa kwetu, ni haya. Rota itoke wiki nne kabla, na atakayeibadilisha aulize kwanza. Saa 11 za mapumziko ziheshimiwe. Kazi ya kunyanyua watu wawili ipangiwe watu wawili. Muda wa njiani ulipwe. Na mgonjwa aachwe augue. Kwa miaka mingi malipo ya ugonjwa ya kisheria yalianza siku ya nne, ndiyo maana watu walikwenda kazini na homa na kuwaambukiza wazee; Sheria ya Haki za Ajira ya mwaka 2025 imeamua kuziondoa siku hizo tatu kuanzia Aprili 2026. Kiongozi asijaribu kuzirudisha kwa mlango wa nyuma, kwa kumnunia mtu aliyelala siku mbili.

Mwaka 2020, wakati wa Korona, kwa wiki kumi nchi hii ilisimama mlangoni kila Alhamisi jioni ikatupigia makofi. Tulishukuru. Wenzetu kadhaa hawakufika Alhamisi iliyofuata. Makofi hayakubadilisha rota hata moja.

Na kwa ndugu zetu walio kazini tunasema: tunza nakala ya kila rota, andika saa zako kwenye daftari, jiunge na chama cha wafanyakazi, na usiende ofisini peke yako. Nendeni watatu. Rota ya mwezi ujao haijatoka bado.