Mshale Usiosema Kweli

Wazazi wetu, walimu wetu na wanafunzi wenzangu,

Huku Ufukoni matrekta ni machache, na mengi yamekwisha kula miaka. Aghalabu utamwona dereva akilima na mshale wa geji ya joto umelala kimya. Ukimwuliza atakujibu, "Huo mbovu tangu zamani, usiujali." Naomba ruhusa niseme kwamba desturi hii yatutia hasara, na yafaa tuiache kabla ya msimu ujao.

Sisi watu wa Mtwara tuna msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Novemba na Aprili. Trekta moja hulimia jamaa wengi kwa zamu. Mwaka juzi kijijini kwetu trekta la kukodi lilivujisha maji ya rejeta, mshale haukusema neno, injini ikanoki. Waliokuwa bado kufikiwa wakarudia jembe la mkono, na mvua haikuwangojea.

Historia yetu nayo yatufundisha. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza Mpango wa Karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari yetu ya Mtwara na reli ya Nachingwea zilijengwa kwa ajili yake. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa makuukuu yaliyosalia baada ya vita. Yaliharibika upesi, na mafundi na vipuri vilikuwa haba. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Zilikuwapo sababu nyingine pia, kama ukame na ugumu wa ardhi, lakini mashine isiyotunzwa ilikuwa mojawapo.

Wapo wasemao kwamba dereva hodari huijua injini kwa masikio. Nawaheshimu, lakini joto halipigi kelele mpaka limekwisha kuharibu. Wengine husema sensa mpya ni ghali. Basi kwanza tuhakikishe kama sensa ndiyo mbovu, maana mara nyingi kosa ni la waya.

Kazi yenyewe si ngumu. Geji zote zikikosea kwa pamoja, usishuku sensa. Tazama fyuzi, waya wa betri unaofungwa kwenye bodi, na njia ya umeme iendayo kwenye dashibodi. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, nayo hula vichwa vya waya hata vikafanya ukungu wa kijani. Fungua betri, vikwangue kwa msasa, vikaze, uvipake grisi.

Ikikosea geji ya joto peke yake, nayo ni ya umeme, zima injini na uwashe swichi. Chomoa waya kwenye sensa: mshale yapasa ulale upande wa baridi. Gusisha waya huo kwenye bodi kwa nukta moja tu: mshale yapasa upande juu. Ukifanya hivyo, geji na waya ni vizima, mshuku sensa. Usipofanya hivyo, fuata waya na geji. Sensa hupata njia ya umeme kwa meno yake yanayoshika injini, kwa hiyo asiyejua akizungushia utepe mwingi huweza kuiziba mwenyewe. Geji zenye kibomba chembamba cha shaba hazipimwi hivi. Kibomba kikikatika, hubadilishwa yote.

Taa ya oili nayo ina hila yake. Swichi ikiwashwa kabla ya injini kuwaka, taa yapasa iwake. Isipowaka, usifurahi, huenda balbu imekufa. Na ikiwaka kazini, zima injini mara moja, upime oili kwanza. Mshale ukitoa habari mbaya, uamini mpaka uthibitishe kuwa ni mwongo.

Hata geji nzima ina mpaka wake. Maji yakishuka chini ya sensa, mshale waweza kuonyesha baridi huku injini yaungua. Kwa hiyo maji na oili vitazamwe kila asubuhi injini ikiwa baridi. Kifuniko cha rejeta yenye moto kisifunguliwe kamwe.

Ombi langu kwa walimu ni hili: somo la umeme katika Fizikia lifike mpaka kwenye trekta. Sensa ikitiwa katika maji ya moto, twaweza kupima ukinzani wake ukishuka kadiri joto linavyopanda. Na huku pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100, basi kipimo tunacho jikoni. Ombi langu kwa wazazi wenye matrekta: yapimeni mwezi wa Oktoba, wala msingoje mvua. Na anayekodi trekta asione haya kuuliza, "Mshale huu wasema kweli?" Fedha ni yake na shamba ni lake.

Dalili ya mvua ni mawingu. Tusiyafumbie macho.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne