Sheria ya Vita Ilipoishia Mlangoni mwa Gusii

Januari 1908, Otenyo wa Kitutu alimchoma mkuki G. A. S. Northcote, ofisa wa Kiingereza aliyetawala Kisii. Northcote alipona. Hata hivyo askari wa King's African Rifles waliletwa kulipiza kisasi: nyumba zikateketezwa, ng'ombe kwa maelfu wakatekwa, watu wengi wakauawa, na wengi wao hawakuwa wameshika mkuki wowote.

Je, sheria haikuwapo? Ilikuwapo. Mwaka 1899 mataifa yalikutana The Hague, yakakataza uporaji, kumwua aliyeweka silaha chini, na kuiadhibu jamii nzima kwa tendo la mtu mmoja. Uingereza ilitia sahihi. Lakini mkataba ule uliwafunga waliotia sahihi tu, wanapopigana wao kwa wao. Wagusii hawakualikwa mezani, basi hawakuhesabiwa. Hata Winston Churchill, naibu waziri wa makoloni wakati huo, alishtushwa na ukubwa wa mauaji, akauliza kama yalikuwa ya lazima. Swali lake halikumrudishia mtu hata ndama.

Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia wazee zaidi ya 5,000 walioteswa wakati wa Mau Mau. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwaka 2023 alitaja majuto, lakini hakuomba radhi. Gusii ya 1908 haikuguswa na fidia ile.

Sisi tunaodai haki kwa mkoloni hatuwezi kuinyima majirani. Mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa 2007, watu waliuawa na kufukuzwa mpakani mwa Borabu na Sotik, Wagusii na Wakipsigis pia. Wapo watakaosema hayo hayakuwa vita. Na iwe hivyo. Mkataba wa Roma, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2005, haungoji vita vitangazwe ndipo uyaite mauaji ya raia yaliyopangwa jinai dhidi ya binadamu. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 2(6), inaifanya mikataba tuliyoridhia kuwa sehemu ya sheria za Kenya. Hatualikwi tena, tumo ndani.

Kinachokosekana ni ushahidi, na mashahidi wanazeeka. Tunayaomba makanisa ya Kisii, Nyamira na ng'ambo ya mpaka yaandike sasa masimulizi ya wazee na majina ya waliochomewa nyumba, pamoja na kijiji na mwaka. Madaftari ya mazishi yamo parokiani. Yafunguliwe.